Nilichosaini na nilichokataa: tathmini ya mikataba ya hakimiliki kwenye miradi ya programu huria

Sijawahi kusoma tathmini ya mkataba wa wachangiaji, na sielewi kwa nini. Ni bidhaa kama nyingine: yuko anayeitengeneza, yuko anayeitumia kwa kukosa njia nyingine, na ubora wake hutofautiana mno. Mimi nimekutana nayo kwa sababu jioni hurekebisha vitu vidogo kwenye programu ninazozitumia mchana kazini: kihariri cha matini, maktaba za kusoma faili, zana za kupanga seva. Kila mradi una utaratibu wake wa kupokea kazi za watu, na baadhi hudai saini kabla ya kusoma hata mstari mmoja ulioandika.

Kwa asiyejua mambo haya, kwa kifupi: programu huria ni ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Msimbo ukishauandika, hakimiliki ni yako papo hapo, au ni ya mwajiri wako. Mradi unaoupokea unahitaji ruhusa. Wapo wanaotosheka na leseni ileile ya mradi, basi. Wapo wanaotaka ruhusa pana zaidi kwa mkataba, ambao wengi huuita CLA (Contributor License Agreement). Na wapo wanaotaka hakimiliki yenyewe ihamie kwao.

Kipimo changu ni kimoja: nikishasaini, huyu mwenye karatasi atakuwa na uwezo gani juu ya kazi yangu ambao mimi na watumiaji wengine hatuna, na amejifunga vipi asiutumie vibaya? Nyota nimezitoa kwa kipimo hicho, kati ya 5. Usumbufu nao umehesabiwa, ila kidogo. Karatasi inayosainiwa kwa kubofya mara moja si lazima iwe karatasi nzuri.

FSF: unatoa yote, unapewa ahadi

Free Software Foundation (FSF), taasisi ya kutetea programu huria iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kudai hakimiliki yenyewe. Si programu zote za GNU, mradi wao wa programu huria, zinazofuata utaratibu huo, lakini kihariri cha matini cha Emacs kinaufuata hadi leo, na Emacs ndiyo iliyonipeleka kwao.

Unaanza kwa fomu fupi ya baruapepe. Unachangia programu gani? Umenakili chochote kilichoandikwa na mtu mwingine? Umebadilisha faili zipi, umeunda zipi mpya? Wewe ni raia wa nchi gani, umezaliwa mwaka gani, anwani yako ya posta ni ipi? Uraia huulizwa kwa ajili ya usajili wa hakimiliki nchini Marekani. Katikati ya maswali hayo ya kiofisi kuna moja zito lililokaa kimya kama mengine: je, una mwajiri anayeweza kudai kwamba kazi hii ni yake? Hilo nitalirudia, maana ndilo lililonila muda kuliko yote.

Baadaye wanakutumia hati yenyewe. Unaweza kuchagua kuhamisha mabadiliko uliyokwisha kuyafanya tu, au na yale utakayoyafanya baadaye kwenye programu hiyohiyo. Watu wengi ninaowajua huishia kwenye aya ya kuhamisha, wanaona neno hilo na kufunga faili. Wangeendelea kusoma. Aya zinazofuata zinasema FSF inakurudishia haki ya kuitumia kazi yako upendavyo, hata ukiamua kuitia kwenye programu isiyo huria. Na zinasema kwamba FSF itakapoisambaza kazi hiyo, au kazi yoyote iliyotokana nayo, itafanya hivyo kwa masharti yanayompa kila mwenye nakala ruhusa ya kudumu ya kuisambaza upya na kuibadilisha. Wamejifunga kwa maandishi, kwenye hati ileile niliyoitia saini.

Nililisoma hilo mara kadhaa nikitafuta tundu. Wanaweza kubadilisha leseni? Wanaweza, lakini ndani ya uwanja huo tu. Wanaweza kuuza toleo la siri kwa kampuni? Hawawezi. Kwa hiyo karatasi inayoogopesha kwa jina ndiyo inayomfunga zaidi yule anayepokea.

Sababu yao ya kudai hivi ni mahakama. Chini ya sheria ya Marekani mwenye hakimiliki ndiye anayeshtaki, na ni rahisi zaidi kushtaki ukiwa mwenye hakimiliki mmoja mwenye nyaraka kamili kuliko kuwa kundi la watu mia tatu waliotawanyika, wengine wamebadilisha anwani na wengine wamefariki. Mali bila daftari huisha bila habari. Desemba 2008 FSF iliishtaki Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, kuhusu vifaa vya Linksys vilivyokuwa vikisambazwa na programu za GNU bila kutimiza masharti ya leseni, zikiwemo GCC (kikusanyi cha msimbo) na glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C). Mei 2009 walipatana: Cisco ilikubali kuteua mtu wa kusimamia utekelezaji wa leseni hizo ndani ya Linksys na kuichangia FSF fedha. Hakuna aliyeuliza mstari upi uliandikwa na nani.

Linganisha na kesi ya Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, aliyeishtaki kampuni ya VMware huko Hamburg mwaka 2015 akiungwa mkono na Software Freedom Conservancy, shirika lisilotafuta faida. Kerneli haikusanyi hakimiliki. Kila mwandishi anabaki na yake. Mwaka 2016 mahakama iliitupa kesi bila hata kufikia swali kuu la leseni, kwa kuwa hakuthibitisha kwa kiwango kilichotakiwa ni vipande gani hasa vya msimbo vilivyokuwa vyake na vimetumikaje kwenye bidhaa ya VMware. Rufaa nayo ilishindwa mwaka 2019. Nilipoisoma habari hiyo niliacha kuwacheka watu wa FSF na fomu zao za uraia.

Sasa gharama. Ya kwanza ni kwamba miradi ilishindwa kurudiana. XEmacs ilijimegua kutoka Emacs mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya msimbo wake haikuweza kurejeshwa Emacs kwa sababu karatasi za waandishi wake hazikuwepo. Kazi ilikuwa imekamilika, leseni ilikuwa ileile ya GPL, inayodai kazi zinazotokana nayo zibaki huria, na bado haikuweza kuvuka. GnuTLS, maktaba ya usalama wa mawasiliano, nayo ilijitoa GNU Desemba 2012, na suala la kuhamishia FSF hakimiliki lilikuwa sehemu ya ugomvi.

Ya pili ni sheria ya mistari 15. FSF huchukulia kwamba mabadiliko ya chini ya mistari kama 15 hayana uzito wa hakimiliki, kwa hiyo hayahitaji karatasi. Kwenye Emacs hupewa alama ya `Copyright-paperwork-exempt: yes`, na kwenye Org, kifurushi chake cha kupanga maandishi, huandikwa `TINYCHANGE`. Wengi hawajui kwamba mabadiliko madogo ya mtu mmoja hujumlishwa. Si 15 kila mara. Mgeni anatuma rekebisho, linapita. Anatuma jingine, linapita. La tatu anaambiwa asubiri karatasi, na anashangaa amekosa nini. Tena utaratibu huu huzaa uandishi mbaya. Nimeona msimbo uliobanwa hadi hausomeki ili tu usifike kikomo, ambapo funksheni mbili nzuri zenye maelezo zingemfaa kila mtu.

Wenyewe wameliona. Juni 2021 kamati inayoongoza GCC ilitangaza kwamba kuhamishia FSF hakimiliki si sharti tena, na glibc ikafuata mwaka huohuo. Emacs imebaki na utaratibu wa zamani, ila kuna hazina ya vifurushi iitwayo NonGNU ELPA ambayo haidai karatasi, na tangu Emacs 28 ya mwaka 2022 imewashwa bila mtumiaji kufanya lolote. Nadhani huo ni ukiri tosha kwamba karatasi ilikuwa ikiwafukuza waandishi.

Nyota 4. Ingekuwa 5 bila barua ya mwajiri.

Barua ya mwajiri

Hii si bidhaa ya FSF peke yake. Apache nayo ina mkataba wa kampuni mbali na wa mtu binafsi, na makampuni mengi yameiga. Lakini popote inapodaiwa, hapa ndipo wachangiaji wanapopotelea, na sijawahi kuona takwimu za mradi wowote zikiwahesabu.

Wazo ni la haki. Mikataba mingi ya ajira kwa waandishi wa programu inasema kila ulichobuni ukiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni, mara nyingine hata ulichobuni usiku kwa kompyuta yako. Ukisaini kuhamisha kitu kisicho chako, hukuhamisha chochote. Kwa hiyo FSF inataka mtu mwenye mamlaka ndani ya kampuni asaini hati ya kusema kampuni haidai kazi hiyo.

Mtu mwenye mamlaka ni nani? Msimamizi wangu alisema si yeye. Mkuu wa idara alisema jambo la sheria ni la wanasheria. Mwanasheria, mtu mpole kwa kweli, alidhani naomba ruhusa ya kugawa msimbo wa kampuni bure, na jibu lake la kwanza lilikuwa onyo. Nilipomweleza kwamba ni kihariri cha matini, hakihusiani na biashara yetu ya mahesabu, aliuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: kampuni inapata nini kwa kusaini? Ukweli ni kwamba haipati kitu. Inapoteza haki ambayo haikujua inayo na isingeitumia kamwe, na kwa mwanasheria hiyo bado ni hasara.

Kwa nia njema mwanasheria alitaka kuongeza sentensi mbili tatu kwenye hati ili kuilinda kampuni. Ukibadilisha hati sanifu, wa upande wa pili wanahitaji kuipitia upya. Mwishowe ilisainiwa nilipoiandika upya orodha yangu iseme jina la programu moja tu, bila neno lolote linaloweza kusomeka kama "na nyinginezo". Mwenzangu wa meza ya jirani, mwandishi bora kuliko mimi, aliyaona hayo yote akaamua kwamba yeye atabaki kuripoti hitilafu. Anaziripoti vizuri sana, na marekebisho yake yamekaa kwenye diski yake.

Boti ya kampuni

Nakuja kwenye bidhaa niliyoikataa. Jina la kampuni silitaji, na hakuna haja. Mkataba wake unafanana na mingine kwa mamia.

Nilikuwa nimetuma rekebisho la nyaraka za zana ya kupanga seva: mfano uliokuwa na kigezo kisichofanya kazi tena. Kabla mtu hajalitazama, boti (programu inayojibu yenyewe) iliandika chini yake kwamba nahitaji kusaini CLA. Unabofya, unaingia kwa akaunti yako, unabofya tena, umemaliza. Haidai uraia wala anwani ya posta. Kama tungetathmini kwa urahisi, hii ingeshinda wote.

Niliisoma. Inaanza kwa maneno matamu: hakimiliki inabaki kuwa yako. Kisha naipa kampuni leseni ya kudumu, isiyobatilishwa, ya dunia nzima, yenye haki ya kutoa leseni nyingine kwa masharti yoyote itakayoyataka. Nikatafuta aya ya ahadi, kama ile ya FSF. Haikuwepo. Hakuna mahali kampuni inaposema kwamba kazi yangu itaendelea kupatikana kwa leseni huria.

Ukiipima vizuri, tofauti kati ya kuwa na hakimiliki na kuwa na leseni kama hiyo ni ndogo mno. Ninachobaki nacho ni uwezo wa kumshtaki mtu wa tatu na uwezo wa kutumia mistari yangu mwenyewe. Kampuni inapata kila kitu kingine, pamoja na kile ambacho hakuna mchangiaji mwingine anacho: uwezo wa kufunga toleo lijalo. Wengine wote tunafungwa na leseni ya mradi, yeye peke yake yuko nje ya uzio.

Na si hofu ya kubuni. Terraform ya HashiCorp, zana ya kupanga seva, ilikuwa chini ya MPL 2.0, leseni inayodai mabadiliko ya faili zake yabaki wazi. HashiCorp ilikuwa ikiwataka wachangiaji wasaini CLA. Agosti 2023 ilitangaza kwamba matoleo yajayo yatakuwa chini ya leseni ya BSL (Business Source License), ambayo si leseni huria, na iliweza kufanya hivyo kwa msimbo wote kwa kuwa saini zilikuwa mkononi. Waliopinga walijimegua na kuunda OpenTofu, iliyoingia Linux Foundation mwezi uliofuata, na ambayo haidai CLA. Elastic ilikuwa imetangulia Januari 2021 kwa kuiondoa Elasticsearch, injini yake ya utafutaji, kwenye leseni ya Apache, na Amazon ikajimegua na OpenSearch.

Kwa haki ya mjadala: CLA si sharti la kufunga mradi. Hifadhidata ya Redis ilikuwa chini ya BSD, leseni inayomruhusu yeyote kuitia kazi yako kwenye kitu kilichofungwa, na Machi 2024 ilibadilishwa bila kuhitaji uhamisho wa hakimiliki ya mtu. Ukichangia mradi wa BSD au MIT, leseni nyingine laini ya aina hiyo, karatasi haiongezi hatari kubwa. Hatari ilikuwepo tangu mwanzo na uliikubali. Karatasi ni nzito pale mradi unapotumia GPL, AGPL (ndugu yake wa programu za mtandaoni) au MPL, kwa sababu hapo ndipo leseni inakuahidi jambo ambalo karatasi inalifuta kimyakimya kwa mhusika mmoja.

Halafu kuna suala la kuuzwa. Hata ukiwaamini watu wa kampuni, karatasi haiwataji wao, inaitaja kampuni. MySQL AB, kampuni ya hifadhidata ya MySQL, ilinunuliwa na Sun mwaka 2008 kwa takribani dola bilioni 1, na Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Haki zote zilisafiri pamoja na samani. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameshaanza MariaDB, hifadhidata iliyojimegua kutoka MySQL. OpenOffice, programu za ofisi, nayo ilikuwa chini ya makubaliano ya hakimiliki ya pamoja na Sun. Septemba 2010 wengi wa wachangiaji waliondoka na kuanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation, na mojawapo ya mambo ya kwanza waliyoyaacha nyuma ni karatasi hiyo.

Sikusaini. Rekebisho langu lilikaa, boti ikalifunga kwa kukosa mwendo. Nyota 1, na hiyo ni kwa ajili ya kuandika mkataba kwa lugha inayoeleweka.

Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ni daraja la kati na inastahili kutajwa. Zamani ilidai hakimiliki yenyewe. Mwaka 2011 ikahamia mkataba wa leseni uliotokana na mradi wa Harmony, uliotunga mikataba sanifu ya wachangiaji. Mkataba huo unairuhusu kutumia leseni nyingine, hata iliyofungwa, lakini inaahidi kwamba mchango wako utatolewa pia kwa leseni iliyokuwa ikitumika siku ulipouwasilisha. Ni ahadi nusu, ila angalau unaweza kuionyesha kwa kidole kwenye karatasi. Nyota 2 na nusu.

Apache, na sentensi inayopotea

Nitapita haraka hapa kwa sababu sina malalamiko. Apache Software Foundation hudai karatasi ya mtu binafsi kwa anayepewa haki ya kuandika moja kwa moja kwenye hazina. Rekebisho dogo la mgeni hupita chini ya leseni yenyewe ya Apache 2.0, ambayo kifungu chake cha 5 kinasema mchango unaoutuma kwa makusudi unaingia kwa masharti yaleyale. Karatasi nayo ina ruhusa ya hataza (patent), kama ilivyo leseni yenyewe.

Jambo moja la kuangalia. Mwanzoni mwa karatasi hiyo kuna sentensi inayosema kwamba taasisi haitatumia mchango wako kinyume na manufaa ya umma wala kinyume na hadhi yake ya kutotafuta faida. Makampuni yalipoipenda karatasi ya Apache na kuinakili, katika nakala nilizozisoma karibu kila neno limebaki isipokuwa sentensi hiyo. Ukipewa CLA inayojinadi kwamba imetokana na ya Apache, itafute kwanza. Nyota 3 na nusu kwa asili, na nakala zake kila moja ijitetee.

DCO: mstari mmoja

Kerneli ya Linux ilianza kudai mstari wa `Signed-off-by` mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM ikidai msimbo wake umeingizwa Linux. Mstari huo unathibitisha kwamba umekubali tamko fupi liitwalo DCO (Developer Certificate of Origin), lenye vipengele vinne: kwamba uliandika mwenyewe na una haki ya kuwasilisha, au umetoa mahali penye leseni inayoruhusu, au umepewa na mtu aliyethibitisha vivyo hivyo, na kwamba unajua rekodi itabaki hadharani. Unaandika `git commit -s` na umemaliza. Huhamishi kitu, hutoi leseni ya ziada kwa yeyote. Kila mtu, pamoja na mwenye mradi, yuko chini ya leseni moja.

Naipenda, na miradi mingi imeihamia. GitLab, kampuni ya jukwaa la kutunza msimbo, iliacha CLA mwaka 2017, wakati miradi ya Debian na GNOME ilipokuwa ikifikiria kuhamia kwenye jukwaa lake na kuwa na mashaka na karatasi. Lakini wanaoisifu husahau mambo mawili.

La kwanza ni mwajiri. DCO hailiondoi tatizo lake hata kidogo. Kipengele cha kwanza kinasema una haki ya kuwasilisha. Ikiwa mkataba wako wa ajira unaipa kampuni kila unachoandika, huna haki hiyo, uandike `-s` mara ngapi. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuuliza. Swali la FSF limehamia kichwani mwako, na kosa likitokea ni lako peke yako. Wenzangu wengi kazini wanaosema DCO haina usumbufu hawajawahi kufungua mkataba wao wa ajira.

La pili ni kwamba mradi unabaki na leseni yake pengine milele. Mimi huliona kama sifa, lakini kuna siku linauma. Waandishi wa kicheza video cha VLC walipotaka kuihamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, leseni laini zaidi, kazi waliyoifanya tangu mwaka 2011, iliwabidi wawatafute wachangiaji mmoja mmoja kuomba ridhaa. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilianza kuwaandikia wachangiaji wa zamani mwaka 2017, na toleo la kwanza chini ya leseni ya Apache 2.0 lilitoka Septemba 2021. OpenSSL yenyewe imekuwa ikidai CLA, na siwalaumu. Tena hakimiliki iliyotawanyika humpa kila mwenye kipande silaha: mmoja wa waandishi wa zamani wa Netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, aligeuza madai ya leseni kuwa chanzo cha mapato binafsi nchini Ujerumani, hadi wenzake wakamsimamisha mwaka 2016.

Nyota 4.

FLA, ambayo wachache wanaijua

Kuna nchi ambako kuhamisha hakimiliki hakuwezekani kabisa. Sheria ya Ujerumani inaruhusu hakimiliki irithiwe, lakini mtu aliye hai hawezi kuiuza wala kuigawa; anachoweza kutoa ni haki za matumizi. Karatasi nyingi zilizoandikwa kwa macho ya sheria ya Marekani humfikia mchangiaji wa huko zikiwa na tundu katikati. Free Software Foundation Europe ilitunga FLA (Fiduciary Licence Agreement) kwa ajili hiyo: unampa mdhamini haki za matumizi kwa niaba yako, anakurudishia leseni, na mdhamini akikiuka misingi ya programu huria haki zinarudi kwako. KDE, mradi wa mazingira ya eneokazi, iliipokea mwaka 2008, kwa hiari. Huhitaji kuisaini ili uchangie KDE.

Kwangu hii ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Haitangazwi na yeyote, na neno "hiari" ndilo lililonifanya niisome hadi mwisho bila kinyongo. Nyota 4 na nusu.

Ninachofanya sasa

Kabla ya kuandika mstari wowote kwenye mradi mpya, nafungua faili la maelekezo ya wachangiaji na kutafuta mambo matatu: leseni ni ipi, karatasi inampa nani uwezo wa kuibadilisha, na kuna sentensi inayomfunga. Taasisi isiyotafuta faida yenye ahadi iliyoandikwa, nasaini. Kampuni yenye GPL au AGPL na CLA isiyo na ahadi, naripoti hitilafu na kuishia hapo. Kampuni yenye MIT na CLA hunichosha tu, na mara nyingine nasaini kwa uvivu wa kubishana.

Maktaba ndogo ninayoitunza mwenyewe, ya kusoma faili za benki, iko chini ya LGPL na DCO. Kuna kampuni iliyoniandikia ikitaka kununua leseni iliyofungwa, na bei waliyoitaja haikuwa ya mzaha. Niliwajibu kwamba siwezi kuwauzia nisichokimiliki, maana karibu theluthi ya msimbo umeandikwa na wengine. Nikawaelekeza kwenye historia ya git, majina yote yamo. Wakitaka, wawaandikie wao.